Shikamoo ya Ndani ya Mashine

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko kwenye daladala, mwombe kondakta apunguze makelele. Leo nina kisa cha mama mkubwa wangu, na salamu moja iliyotaka kumvunja fuvu la kichwa.

Mama mkubwa anaishi Akheri, huku Meru, juu ya Tengeru. Anayeijua Akheri anazijua njia zake wakati wa masika: migomba huku na huku, kahawa chini ya migomba, na katikati utelezi usiouliza mtu ana miaka mingapi. Jumamosi ni siku ya soko Tengeru. Mama mkubwa alijitwika mkungu wake alfajiri, akashuka. Hakufika mbali. Mguu ulikwenda upande wake, mkungu ukaenda upande wake, na paji la uso likakutana na jiwe.

Hakuzimia. Alisimama, akakusanya ndizi zake, akatazama kama kuna aliyemwona. Lakini kufika mchana kichwa kinauma, na chakula hakikai tumboni. Tukampeleka hospitali. Daktari alipomaliza kumpima akasema, mtu mzima aliyepiga kichwa kisha anatapika, hatuwezi kubahatisha. Apigwe siti skani.

Sasa nisikilize vizuri, maana mkasa uko hapa. Akalazwa kwenye kile kitanda chembamba, kichwa kimeingia katika ile pete kubwa, mfano wa tairi la trekta lililosimamishwa wima. Kijana wa mionzi akatoka, akafunga mlango, akaketi nyuma ya kioo. Kijana ana malezi mazuri. Akabonyeza kitufe cha kipaza sauti, akasema: "Shikamoo bibi. Tulia hivyohivyo, usitingishike."

Mama mkubwa akasikia shikamoo, lakini hakuona mtu. Na huku kwetu mtu mzima akisalimiwa hanyamazi kama gogo. Akageuza kichwa kumtafuta mwenye sauti, akaitikia: "Marahaba, mwanangu. Uko wapi?" Wakati huo mashine ilikuwa imekwisha kuanza kuzunguka.

Baada ya muda tukaitwa. Daktari wa zamu akatuonyesha picha kwenye kompyuta. Upande wa kisogo palikuwa na mstari, mfupa umepanda na kushuka kama kigae kilichokatika. Akasema kwa upole, inaonekana kuna ufa. Hapo simu zilianza kupigwa. Mdogo mmoja wa mama mkubwa alilia hadi akaombwa atoke nje. Mimi mwenyewe nilikwisha kuanza kuwaza habari za gari la kumpeleka hospitali kubwa zaidi, na fedha zitatoka wapi.

Jioni akaja daktari bingwa wa radiolojia. Hakusema neno kwa muda. Alisogeza picha juu, akasogeza chini. Kisha akatuuliza: "Bibi aliumia wapi?" Tukamwambia, paji la uso, upande wa kushoto. Akasema: "Mbona ufa uko kisogoni?" Akatuita karibu. "Tazameni. Mfupa umekatika hapa. Na ngozi nayo imekatika mstari uleule. Na upande wa pili wa kichwa, kimo kilekile, nako kumekatika. Lakini hiki kiegemeo cha plastiki kinachoshika kichwa kimenyooka, hakina mkato." Akanyamaza kidogo, akamalizia: "Fuvu halikuvunjika. Huyu mama aligeuka."

Wakarudia sehemu ile tu, safari hii kijana akiwa amemsalimia kabla ya kumlaza. Picha ikatoka safi. Ufa haupo. Mama mkubwa alikaa hospitali usiku ule mmoja, akaangaliwa, akarudi Akheri na nundu yake.

Msikilizaji, tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: mashine ya mamilioni imewezaje kuona ufa ambao haupo? Nimeuliza wenye kazi yao, na ningependa tugawane niliyoyapata. Wao kwa wao alama hizi huziita atifakti. Mimi nitaziita vivuli vya uongo.

Kosa letu la kwanza ni kudhani siti skani inapiga picha kama kamera ya simu. Haipigi. Eksirei ya kawaida ndiyo inayokaribia kamera: mionzi inapita mara moja, kivuli kinabaki. Siti skani inafanya hesabu. Mahali mionzi inapotoka na mahali inapopokelewa huzunguka pamoja, na katika mzunguko mmoja, ambao siku hizi huweza kuwa chini ya sekunde moja, mashine hutazama mwili wako kutoka pembe zipatazo elfu moja. Kila pembe inatoa jibu la namna moja tu: mionzi iliyoingia ni kiasi hiki, iliyotoka ni kiasi hiki. Kompyuta inayakusanya majibu yote hayo na kukisia ndani mwako mna nini na kiko wapi.

Fikiria baraza la washili, viongozi wa koo zetu za Meru, wanaposikiliza kesi ya mpaka. Yupo jirani wa juu, jirani wa chini, na yule anayepita kila asubuhi kukata majani ya ng'ombe. Hakuna aliyeona kila kitu. Kila mmoja anasema alichokiona kutoka aliposimama, na washili kwa kuyaweka maneno yale pamoja wanajua masale, ile mimea ya mpaka, yalikuwa yamepandwa wapi. Siti skani ni baraza la namna hiyo, lenye mashahidi maelfu, na hukumu inatolewa kwa sekunde. Sasa kama katikati ya ushahidi mtu amehamisha masale, nusu ya mashahidi watasema mpaka uko hapa, na nusu watasema uko pale. Hakuna aliyedanganya, lakini hukumu itakuwa na ufa. Ndicho kilichofanywa na ile marahaba, na kutingishika ndicho chanzo cha kwanza cha vivuli vya uongo.

Hesabu hii ina wazee wake wawili, na mmoja ni mzaliwa wa bara letu. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924. Mwaka 1956, akiwa mwalimu wa fizikia mjini Cape Town, aliombwa asaidie kusimamia mambo ya mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, na huko ndiko alikoanza kujiuliza namna ya kujua kilichomo ndani ya mwili kwa kupima mionzi kutoka pande nyingi. Alichapisha hesabu zake mwaka 1963 na 1964, na hakuna aliyezijali sana. Mwingine ni Mwingereza, Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, ileile iliyokuwa ikitoa santuri za muziki. Yeye ndiye aliyeiunda mashine. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mgonjwa wa kwanza alipimwa, mwanamke aliyedhaniwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo, na uvimbe ukaonekana. Mwaka 1979 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel.

Picha ile ya kwanza ilikuwa na visanduku 80 kwa 80, yaani 6,400 tu. Ya leo kwa kawaida ina 512 kwa 512, zaidi ya visanduku laki mbili na nusu. Kila kisanduku kina namba yake, kwa kipimo kinachobeba jina la Hounsfield. Maji ni sifuri. Hewa ni elfu moja chini ya sifuri. Mfupa mgumu unaweza kufika elfu moja na kuzidi. Lakini ubongo uko kwenye thelathini na kitu hivi, na damu iliyovuja sasa hivi iko kati ya hamsini na themanini. Umeona udogo wa tofauti hiyo? Kati ya ubongo mzima na ubongo unaovuja damu kuna makumi machache, kwenye kipimo chenye maelfu. Kivuli kidogo tu cha uongo kikipita hapo, kinaweza kuzua damu ambayo haipo. Au kikafunika ile iliyopo, na hilo ndilo baya zaidi.

Cha pili kinachozua vivuli hivi ni chuma. Jino la chuma, hereni, pini ya nywele, shanga za chuma, kipande cha risasi, au zile sahani na skrubu walizowekewa ndugu zetu wa bodaboda baada ya ajali. Chuma humeza mionzi karibu yote, na mashahidi wote waliokuwa upande ule wanakuja barazani hawana la kusema. Kompyuta haijui kukaa kimya. Inajaza pengo kwa kukisia. Matokeo yake ni michirizi myeupe na myeusi inayotawanyika kutoka kwenye chuma kama miale ya jua ikichomoza nyuma ya Kilimanjaro. Inapendeza kutazama, ila chini yake huoni kitu.

Ndiyo maana unaambiwa uvue. Na hapa, msikilizaji, tuambiane ukweli. Wako watu wanaovua hereni na mkufu lakini wanabaki na hirizi imefungwa kiunoni. Wako akina mama waliosuka na kufunga pini ndani ya nywele, wakaona uvivu kusema. Yupo baba aliyewekewa chuma pajani miaka ishirini iliyopita na amekwisha kusahau. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hakuna atakayekucheka mle ndani. Chuma kinachotoka kitoke, kisichotoka kisemwe, ili mtaalamu ajue namna ya kuipanga mashine. Kama ni jino, kwa mfano, wakati mwingine anaweza kuinamisha pete au kukuweka kichwa vingine ili mionzi isipite kwenye jino na ubongo kwa pamoja.

La tatu ni la hila zaidi, maana halihitaji kosa la mtu yeyote. Mionzi inayotoka kwenye mashine haina nguvu moja. Ni mchanganyiko wa dhaifu na wenye nguvu. Nitakueleza kwa kutumia mlima wetu wa Meru. Chukua kundi la wapandaji pale lango la Momella. Wakifika kibanda cha Miriakamba, wanyonge wanabaki. Wakifika kibanda cha Saddle, wengine tena wanabaki. Wanaoendelea usiku ule kuelekea kileleni ni wenye mapafu tu. Sasa mtu aketi juu kabisa, ahesabu walioishia njiani kipande cha mwisho, aone ni wachache mno. Atasema kipande cha mwisho ni rahisi. Kumbe si njia iliyolegea; wanyonge walikwisha kuchujwa huko chini.

Mfupa mzito huichuja mionzi vivyo hivyo. Mionzi dhaifu inaishia mfupani, iliyobaki ni migumu na inapita kirahisi kwenye nyama inayofuata. Mashine inaona urahisi huo na kusema nyama ya hapa ni nyepesi, kisha inaipaka weusi. Mahali maarufu kwa kivuli hiki ni chini nyuma ya kichwa, kati ya mifupa ya masikio, ambayo ni miongoni mwa mifupa migumu kuliko yote mwilini. Hapo mara nyingi unapita ukanda mweusi unaofanana na ubongo uliokosa damu. Daktari asiyejua anaweza kumwambia mtu mzima wa afya kwamba amepata kiharusi. Hounsfield mwenyewe aliijua shida hii. Katika mashine yake ya kwanza, kichwa cha mgonjwa kiliingizwa kwenye mfuko wa mpira uliozungukwa na sanduku la maji, ili mionzi yote ipite unene unaolingana. Leo hakuna maji. Kuna vichujio na hesabu za kusahihisha. Zinapunguza, hazimalizi.

La nne ni shahidi mmoja mbovu. Kati ya mamia ya vipokea mionzi vilivyopangwa kwenye pete, kimoja kikipotoka, kinarudia kosa lake lilelile kila kinapozunguka, na picha inatokea na duara katikati, kama alama ya kikombe mezani. Dawa yake ni kupima mizani kabla ya kazi. Ukienda Tengeru kununua maharage, muuzaji mwaminifu anakuonyesha kwanza mzani mtupu unasoma sifuri. Mtaalamu wa mionzi naye kila asubuhi anaipima mashine ikiwa na hewa tupu, na kila baada ya muda anaipima kwa chombo cha maji, aone kama maji bado ni sifuri. Chumba kikiwa na joto, au umeme ukipanda na kushuka bila kifaa cha kuutuliza, mzani huu unayumba. Hata tone la ile dawa inayodungwa kuonyesha mishipa, likidondokea kwenye kioo cha pete na kukauka, linaweza kuchora alama kwenye picha za wagonjwa wote watakaofuata hadi mtu alipanguse.

Nilipofika hapo nilidhani nimeelewa: kila kisicho cha kawaida kwenye picha nikishuku. Yule daktari bingwa akanipa somo jingine, nalo linatuhusu sisi wa Meru kuliko mtu mwingine yeyote. Akanikumbusha maji yetu. Maji ya vijito na visima vingi kuuzunguka mlima huu yana madini ya floraidi kupita kiasi. Volkano ndiyo iliyotupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na yako maeneo yetu yanayokipita mara nyingi. Meno ya kahawia tunayafahamu wote. Tusichokiona ni mifupa. Mtu aliyekunywa maji hayo maisha yake yote, mifupa yake inaweza kuwa mizito na myeupe kupita kawaida kwenye picha.

Mtu huyo akipimwa mbali, na daktari asiyejua alikotoka, weupe ule unaweza kudhaniwa ni ubovu wa mashine, au, Mungu apishe mbali, kansa iliyosambaa mifupani. Kumbe hakuna uongo wa mashine wala kansa. Ni maji ya nyumbani. Kwa hiyo upo uongo unaofanana na ukweli, kama ule ufa wa mama mkubwa, na upo ukweli unaofanana na uongo, kama mifupa ya watu wa Ngarenanyuki, huku huku Meru. Picha peke yake haiwezi kuvitenganisha. Vinatenganishwa na maswali: uliumia wapi, umekulia wapi, umewekewa nini mwilini.

Nayasema haya kwa sababu zama zimebadilika. Kipimo cha siti skani kilikuwa cha hospitali kubwa chache nchini Tanzania. Kuanzia mwaka 2021, katika ule mpango wa shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF wakati wa UVIKO-19, sehemu ya fedha ilikwenda kununua siti skani kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Ni jambo la kushukuru. Lakini mashine inanunuliwa kwa siku moja, na jicho la kuisoma hulelewa miaka. Siku hizi picha husafiri kwa mtandao hadi kwa daktari bingwa aliye mji mwingine. Yeye haoni nundu iko upande gani. Anaona picha na maneno yaliyoandikwa kwenye fomu ya maombi. Fomu ikiandikwa "ameanguka" na kufungwa hapo, tumemnyima nusu ya ushahidi.

Utaniuliza, kwa nini wasirudie tu kipimo kila wanaposhuku? Kwanza ni fedha yako. Pili ni mionzi. Kipimo kimoja cha kichwa huwa karibu milisivati 2, wakati mionzi ya asili anayoipokea binadamu kutoka ardhini na angani ni wastani wa 2.4 kwa mwaka mzima duniani. Si ya kuogopa unapoihitaji, wala si ya kuchezea. Ndiyo maana tunayo Tume ya Nguvu za Atomu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003, yenye ofisi papa hapa Arusha, Njiro, kazi yake mojawapo ikiwa kukagua vyanzo vya mionzi na kuvipa leseni. Wakati mwingine mtaalamu anaweza kuzipanga upya hesabu zilezile bila kukurudisha kitandani. Na ikibidi kurudia, anarudia sehemu ndogo, kama alivyofanyiwa mama mkubwa.

Basi ukipangiwa kipimo hiki, au ukimpeleka mzazi au mtoto, mwambie kabla ya kuingia yatakayotokea mle: kitanda kitasogea, pete itavuma, sauti itasikika na msemaji hataonekana. Chukua picha za zamani kama zipo. Na ukiletewa jibu la kutisha lisilolingana na unavyojisikia, una haki ya kuuliza kwa adabu: daktari, haiwezi kuwa kivuli cha uongo? Daktari mzuri hatakasirika. Atafanya alichofanya yule wa kwetu. Atasogeza picha juu, atasogeza chini, kisha atakugeukia akuulize uliumia wapi.

Mama mkubwa hajambo. Jumamosi iliyopita nilimkuta Tengeru na ndizi zake, anamwelekeza mwenzake anayepelekwa kupimwa kichwa. Hakumtajia mionzi wala hesabu. Alimwambia: "Utasikia shikamoo mle ndani. Usiijibu. Ukitoka mtafute yule kijana, umpe marahaba yake."

Mimi nimemaliza. Ukiwa na nafasi, msalimie mtu mzima aliye karibu nawe, maana yeye yuko huru kukuitikia.